Usiongee na Mpangaji

Shule mimi niliacha darasa la tatu, lakini jina la mtu nikilisikia mara moja halitoki kichwani. Yule ajenti wa nyumba alijitambulisha kwa binti yangu majina yake yote matatu, haraka haraka, kama mtu anayejua hayatashikwa. Mimi niliyashika. Ninayo hata sasa. Sitayaandika hapa, wala jina la mtu mwingine yeyote, kwa sababu watu hao wapo, tunapishana nao hapa Eldoret, na watoto wao wako shuleni.

Nyumba tulitafuta kwa lazima. Ile tuliyokaa miaka kumi na moja ilikuwa ya mzee mmoja, na mzee alipofariki watoto wake wakaamua kubomoa wajenge maduka. Tulipewa mpaka mwisho wa mwezi. Binti yangu ni karani katika duka la mbolea na mbegu pale mjini, anatoka asubuhi na kurudi jioni, na mimi magoti yamekwisha. Nililima viazi Timboroa tangu nikiwa msichana, kwenye baridi ile ya karibu na msitu, na sehemu ya baridi hiyo ilinifuata mpaka huku, ikakaa magotini. Daktari alimwambia binti yangu mbele yangu, kama vile mimi si mtu: huyu mama asiwekwe mahali pa ngazi. Kwa hivyo tulitaka nyumba ya chini, vyumba viwili, maji, na kodi ambayo mshahara wa karani unaifikia. Zilikuwa zimebaki siku kumi na tisa.

Siku ambayo binti yangu alipewa ruhusa kazini, ajenti alikuja kutuchukua na gari dogo jeupe. Viatu vyake vilikuwa vimechongoka mbele, na mkononi alikuwa na simu mbili. Kabla gari halijaenda popote alitaka pesa ya kuonyeshwa nyumba, ambayo hairudi hata usipopata kitu. Nilimwuliza binti yangu kwa lugha yetu, "Tunamlipa atuonyeshe nyumba ambayo si yake?"

"Mama, siku hizi ndio hivyo."

Halafu ajenti akageuka kwenye kiti chake akatupa masharti, mimi akiniita shosho kama vile ni bibi yake. "Shosho, na wewe madam, kuna adabu ya kuona nyumba. Mkikuta mpangaji bado yuko ndani, salamu tu, basi. Msimuulize kitu. Maswali yote ni kwangu."

"Kwa nini?" nikauliza.

"Mtu anayehama ana mawazo mengi, shosho. Si vizuri kumsumbua."

"Nikimkuta anapika nisimuulize anapika nini?"

"Hapana."

"Hata nikiona ni maharagwe?"

Binti yangu alinikanyaga mguu. Alikanyaga ule mbaya.

Tulianza kwa kupitishwa Elgon View, kwenye ile miti mikubwa na mageti ya chuma yenye walinzi, magari mazuri yakitoka polepole. Nilijua hakuna nyumba yetu huko. Nilijua pia kwa nini tunapitishwa: ili macho yakishashiba vizuri, hata kibanda kikija baadaye kionekane kina ndugu matajiri. Tukatoka kwenye lami, tukaingia barabara ya udongo, tukavuka mtaro, tukapita kiosk ya makaa, na yeye bado anasema, "Hapa pia ni Elgon View, upande wa nyuma." Siku ile niliona Elgon View tatu, na ya mwisho ilikuwa na ng'ombe.

Nyumba ya kwanza ilikuwa tupu. Alitangulia mbio akawasha taa zote mchana kweupe, kisha akaenda kusimama kwenye chumba cha kulala, mgongo umeegemea ukuta. Alituelezea madirisha, akatuelezea vigae, akatuelezea majirani ambao wote ni walimu, na muda huo wote hakuondoka pale ukutani. Mtu anayeonyesha kitu hutembea. Huyu alikuwa amepandwa.

"Kijana, sogea kidogo," nikamwambia.

"Niko sawa, shosho."

"Mimi siko sawa. Sogea."

Aliposogea, ukuta ulikuwa na maji toka chini hadi begani kwake, na koti lake nyuma lilikuwa limeshika chokaa. Akasema ni rangi haijakauka. Nikaweka kiganja pale ukutani, kisha nikakiweka kwenye shavu la binti yangu. Akatoka nje.

Nyumba ya pili ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza, na kimya. Tulifika saa saba kasoro, na ajenti alikuwa na haraka ambayo hakuwa nayo asubuhi. Mfereji aliufungua, maji yakatoka, akaufunga kabla sijahesabu tatu. Nikaona unga mweupe umekaa juu ya majani ya ua lote la upande mmoja. Nikaona pia kiti kilichokuwa barazani, bila kumwomba mtu ruhusa nikakaa.

"Shosho, twende, kuna watu wengine wananingoja."

"Goti limekataa. Ngoja lipumzike."

Binti yangu alinitazama kwa jicho ambalo nalijua tangu akiwa na miaka sita. Nilikaa mpaka saa nane kamili. Saa nane, ng'ambo ya ua, mashine ya kusaga posho iliamka kutoka chakula cha mchana, na nyumba nzima ikaanza kutetemeka, vioo vya madirisha vikigongana kama meno. Ajenti alikuwa anasema kitu lakini mdomo wake tu ndio ulionekana. Nilimwita kwa majina yake yote matatu, kwa sauti ya kushinda mashine, nikamwuliza, "Na hii nayo ni rangi haijakauka?"

Alishtuka. Sijui kama ni swali au ni majina.

Watu wangu husema mimi ni mshuku. Binti yangu husema nikipewa chenji ya kanisani nitaihesabu. Inawezekana. Lakini nimehama mara saba katika maisha yangu, na hakuna hata mara moja iliyokuwa mpango wangu, kwa hivyo mtu akinifungulia mlango huku anacheka, mimi huangalia kwanza nyuma ya mlango.

Nyumba ya tatu ndiyo iliyonitia wasiwasi kabisa, kwa sababu haikuwa na kosa. Ilikuwa katika ua mdogo wenye nyumba mbili, mlango wake uko sawa na ardhi, hata kizingiti ni kifupi. Choo kiko ndani, karibu na chumba. Madirisha yanaangalia mashariki. Ajenti hakuegemea ukuta wowote, hakuwa na haraka, mfereji aliufungua akauacha umwage maji mpaka nikamwambia afunge. Kodi aliyoitaja ilikuwa ile tuliyoomba. Niligonga kuta, nikanusa kabati, nikatega sikio nisikie mashine, nikasikia kuku tu. Binti yangu alisimama katikati ya sebule, mikono ameikunja kifuani, anatabasamu mwenyewe. Alikuwa hajatabasamu tangu tupewe notisi.

Na mimi sitadanganya. Karibu na mlango wa jikoni palikuwa na mahali pa jua, panatosha kiti kimoja. Moyoni kiti changu nilikuwa nimeshakiweka.

Mpangaji alikuwepo. Alikuwa mama wa miaka kama thelathini na tano, mtu wa upande wa magharibi kwa jinsi alivyoongea, mtoto mgongoni. Alikuwa amepiga deki nyumba yote, sakafu bado ina maji kwenye kona. Mapazia yalikuwa yamefuliwa, yananyooka. Alisimama jikoni wima, kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Nikajiuliza, mtu anayeondoka, mapazia anamfulia nani?

Tulipoingia jikoni akasema, "Karibuni. Ni hapo juu ya jiko ndio kunavuja, mvua ikiwa kubwa naweka sufuria."

"Sawa, sawa, tumeona," ajenti akamkata, akamshika binti yangu kiwiko, akampeleka kuona bafu mara ya pili.

Sasa nifikirie mimi: mpangaji anayehama ana haja gani ya kumwonyesha mpangaji mpya mahali panapovuja? Na kwa nini anaonyesha kama mtu anayeomba patengenezwe? Nilitoka kwa mlango wa nyuma. Mama yule alinifuata, labda aliona ninavyotembea akaogopa nitaanguka. Nyuma ya nyumba palikuwa na kipande cha shamba, si kikubwa kuliko mikeka miwili, na humo kulikuwa na mistari minne ya sukuma wiki iliyopandikizwa juzi juzi. Miche ilikuwa bado imelala, kila mmoja umefunikwa na kipande cha jani la mgomba usichomwe na jua. Alikuwa ameileta samadi, ameichimbia, amemwagilia asubuhi hiyo hiyo. Udongo ulikuwa mweusi.

Mimi ni mkulima. Sukuma ukiipandikiza leo unaanza kuchuma baada ya wiki sita, hivi. Siku za mwezi zilizobaki nilizijua kwa vidole.

Nikikutana na watu wakanisifu kwa jambo hili, huwaambia niliuliza kwa salamu tu, maneno ya wanawake wawili shambani. Si kweli. Nilisimama pale nikaona kila kitu, na nikaona kiti changu kwenye jua, na nilijua nikinyamaza dakika tano tu tutaingia garini na nyumba ni yetu. Nilinyamaza kidogo. Kisha nikauliza.

"Hizi ulipanda lini, mama?"

"Jumamosi. Miche nilipewa na jirani."

"Ukihama atazichuma nani?"

Alicheka. "Kuhama niende wapi?"

Niliangalia miche. Akanitazama, akatazama mlango ambapo sauti ya binti yangu ilikuwa inauliza mahali pa kuweka kitanda, akanitazama tena. Kicheko kilikuwa bado kiko mdomoni lakini kilikuwa kimekufa.

"Nyinyi si watu wa kukagua paa?"

"Nani alikwambia?"

"Yeye. Alikuja jana akasema landilodi anatuma watu waangalie panapovuja. Ndio nikapiga deki."

Hapo ndipo nilipokumbuka watu watatu waliokuja kwetu mwanzoni mwa mwaka. Walisema wanaangalia waya za stima. Walipima kuta kwa kamba, wakapima ua kwa hatua, na mimi niliwachemshia chai na ngwaci, viazi vitamu vyetu, nikawaonyesha hata soketi iliyokuwa inacheza. Mmoja alikula ngwaci tatu. Wakashukuru sana. Notisi ililetwa baada ya wiki mbili, na sikuwahi kuunganisha mambo hayo mawili, mimi ninayejiita mshuku, mpaka nilipomwona mama huyu na sakafu yake iliyopigwa deki.

"Sisi tunatafuta nyumba," nikamwambia. "Tumeambiwa unahama."

Hakupiga kelele. Alimshusha mtoto mgongoni, akamfunga tena, akakaza kitenge zaidi ya vile kinavyohitaji kukazwa. Kisha akaingia ndani, akasimama mbele ya ajenti mlangoni mwa bafu. "Kaka, mimi nahama?"

Ajenti alinitazama mimi, si yeye. "Shosho, nilikwambia nini?"

"Uliniambia nisiulize anapika nini. Sikuuliza."

"Jibu mimi," yule mama akasema. "Kodi yangu nimelipa. Nahama lini?"

Akaanza kujikuna shingo. Akasema landilodi ndiye anayejua, yeye ametumwa tu, mambo bado hayajaamuliwa, awasiliane naye. Binti yangu alikuwa ametoka bafuni, tabasamu limeondoka. Alimwambia yule mama, "Pole, hatukujua." Yule mama akajibu, "Si nyinyi." Lakini alisimama mlangoni mpaka tukatoka wote, akafunga, tukasikia komeo.

Garini ajenti alikaa bila kuwasha injini. Nilitegemea matusi. Badala yake akaongea taratibu, kama mtu aliyechoka. "Shosho, umeniharibia kazi, na unafikiri mimi ni mtu mbaya. Mpangaji ukimwambia mapema anaacha kulipa. Mwingine anang'oa taa, mwingine anavunja sinki. Landilodi hataki nyumba ilale tupu hata wiki moja, kwa hivyo anasema tafuta mtu kwanza, notisi nitampa mimi. Kila ajenti mji huu anafanya hivyo. Hata hiyo nyumba mliyomo, mnafikiri ilianza na barua?"

"Najua ilianza na nini," nikasema. "Ilianza na ngwaci zangu."

Hakuelewa, na sikumweleza.

Binti yangu alingoja mpaka tukafika nyumbani na mlango ukafungwa. Ndipo akasema, na hakupandisha sauti, jambo ambalo ni baya zaidi. "Mama, hata tusipochukua sisi, atachukua mwingine. Yule mama ataondoka tu. Wewe umebaki na magoti yako, mimi nimebaki na siku kumi na tisa. Tumemsaidia nani?"

Nilimimina chai, tukakaa. Alikuwa anasema ukweli, na mimi pia sikuwa nimekosea, na mambo hayo mawili yalikaa nasi mezani siku mbili.

Siku ya tatu ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani. Simu ya binti yangu ikalia, akaweka sauti kubwa nisikie. Ilikuwa ajenti. "Madam, habari njema. Ile nyumba bado ipo. Yule mpangaji alienda kwa landilodi kugombana, landilodi akakasirika, amempa notisi mwenyewe. Kwa hivyo sasa hakuna siri, hakuna shida. Mkitaka, kesho mnaweka depoziti. Nimewapa nyinyi kwanza, kwa sababu ya shosho."

Kwa sababu ya shosho! Kila neno nililishuku. Labda notisi ilikuwa kweli. Labda hakuna aliyegombana na mtu, na yeye alitaka tu kamisheni yake. Mshahara ni wa binti yangu, na maji akiyabeba anayabeba kwa mgongo wake. Nimemsemea maisha yake yote. Siku hiyo niliona si haki kumsemea. Niliangalia mikono yangu.

Ajenti akasema, "Haloo? Haloo?"

"Niko," binti yangu akasema. "Hiyo hapana. Tutafutie nyingine."

"Madam, nyingine ya chini kwa hiyo kodi hakuna. Nakwambia ukweli."

"Basi ya juu."

"Kuna moja ghorofa ya tatu. Iko Elgon View, upande wa—"

"Iko wapi hasa?" binti yangu akauliza, na kwa mara ya kwanza nikasikia sauti yangu ikitoka kinywani mwake. "Taja barabara. Na tutakuja saa tunayotaka sisi, na tutaongea na majirani wote."

Tulienda mara mbili, asubuhi na jioni. Binti yangu aligonga milango yote ya ghorofa ile, akauliza maji huja siku gani, nani hucheza redio, keretaka anayetunza jengo ni mtu wa namna gani. Ajenti alisimama nje kwenye gari, anaangalia simu zake mbili. Kosa la nyumba hiyo lilikuwa moja tu, na hakuna aliyelificha, kwa sababu ngazi hazifichiki.

Yule mama kama alihama kweli, sijui mpaka leo. Ua wenyewe si mbali; boda boda ingenifikisha. Nimevaa viatu mara mbili niende, nikavivua. Naogopa nitabisha na mlango utafunguliwa na mtu mwingine, naye atanikaribisha vizuri.

Hapa tulipo nashuka Jumapili tu. Binti yangu hutangulia ngazi moja mbele yangu, mgongo kwangu, bega lake tayari kwa mkono wangu, na hatuongei mpaka tufike chini kwa sababu pumzi hazitoshi. Juzi kwenye ghorofa ya pili alisimama ili nipumzike, akasema bila kugeuka, "Tungekuwa tumekaa chini sasa hivi, kwenye jua."

"Ndio," nikasema.

"Twende," akasema.

Ngazi ni arobaini na nane. Keretaka aliniambia ni arobaini na tano. Nimezihesabu nikishuka na nikipanda.